Hesabu Iliyowatoa Wazee Nyumbani



Kijana mmoja katika jamaa zetu alinijia nyumbani baada ya alasiri, na mkononi ana karatasi aliyoijaza hesabu. Kijana huyu ni mpenzi mkubwa wa nyimbo za kantri za Marekani, khasa zile za miaka ya 1990, na khabari zilikuwa zimemfikia kwamba mimi, mtu mzima niliyekua na fidla na udi wa taarab masikioni, husema kuwa miaka hiyo ndiyo iliyouharibu muziki huo. Basi alikuja kunikata kauli. "Ami," akaniambia, "si wewe unayetufundisha kuwa chema chajiuza? Haya, tazama waliouza."

Akanisomea. Albamu ya Billy Ray Cyrus ya mwaka 1992, majuma 17 mfululizo juu ya santuri zote za Marekani. Albamu ya Shania Twain ya mwaka 1997, milioni 20 na zaidi katika Marekani peke yake. Garth Brooks, mwaka 1998, zaidi ya milioni moja katika juma moja tu. Hata alipomaliza nilikuwa sina la kusema juu ya hesabu yake, kwani hesabu ilikuwa sahihi.

Ila kijana alisahau kuwa methali ile ina kipande cha pili: kibaya chajitembeza. Siku ile nilimpa kahawa na sikumjibu, kwa kuwa jawabu yake ilikuwa ndefu kuliko kikombe. Namjibu leo hapa, mbele yako wewe msomaji, kwa sababu maneno yale si ya kijana mmoja. Utayasikia barazani, utayasikia harusini, na utayasikia wakisemewa waimbaji wetu wenyewe: fulani anauza, basi fulani ndiye bora, na yule mzee asiyeuza, nani tena ana haja naye?

Najua wapo watakaokunja uso kwa kuona nyimbo zatajwa katika kurasa hizi. Sikuja kuamua khitilafu za wanavyuoni juu ya ala na nyimbo. Hilo lina watu wake na mahali pake. Nimekuja kusema juu ya insafu, yaani kumpa kila mtu haki yake, na juu ya namna kipimo kiwezavyo kuwadhulumu watu bila ya mtu hata mmoja kuinua mkono.

Tuanze na muziki wenyewe, kwani wako wanaoujua kwa kofia na viatu tu. Kantri ni nyimbo za wakulima na vibarua wa Marekani ya kusini. Fidla yake ilikuja na masikini waliovuka bahari kutoka Uskochi na Ayalandi. Banjo yake asili yake ni Afrika, ilikuja na watumwa waliovuka bahari hiyo hiyo chini ya sitaha, na kwa muda mrefu ilikuwa ni ala ya watu weusi kabla mzungu hajaishika. Mji wake ni Nashville, katika jimbo la Tennessee, na huko tangu mwaka 1925 kuna kipindi cha redio kiitwacho Grand Ole Opry ambacho hata leo hakijakatika. Katika muziki huu neno ndilo bwana na ala ni watumishi. Mtu huketi akahadithia: mama aliyekufa, shamba lililouzwa kwa deni, mume mlevi, mtoto aliyeondoka asiandike barua. Ndiyo maana ulipata wasikilizaji hata huku Afrika ya Mashariki. Nyumba nyingi za Kenya, bara na pwani, zimelelewa na sauti za Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams katika redio, na watu wasiojua Tennessee iko upande gani wa dunia wakilia kwa nyimbo za huko. Kilio cha mtu mwenye deni hakitaki tarjumani.

Ama hesabu, nayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya uadilifu. Kabla ya mwaka 1991 gazeti la Billboard, ambalo ndilo mizani ya biashara ya santuri Marekani, lilikuwa likijua kilichouzwa kwa kuwauliza wenye maduka. Hupigiwa simu, na mwenye duka hutaja anachokikumbuka, au anachokipenda, au anachotaka kionekane kuwa chauzika. Wauza maduka wa miji mikubwa hawakuwa na khabari na nyimbo za wakulima. Basi tarehe 25 Mei 1991 gazeti likaanza kutumia mtambo uitwao SoundScan, ambao huhesabu kila santuri inapolipiwa pale kwenye meza ya duka. Mara moja ikadhihirika kuwa wale waliokuwa wakidharauliwa ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Septemba ya mwaka ule ule albamu ya Garth Brooks, Ropin' the Wind, ikaingia katika orodha ile ikiwa nambari moja siku ya kwanza, jambo ambalo halikupata kutokea kwa albamu yoyote ya kantri kabla yake.

Lau hesabu ingalisimama hapo, nisingalikuwa na ugomvi na mtu.

Lakini mizani iliyowekwa dukani ikahamishwa, ikawekwa mahali pa kadhi. Zamani huko Nashville mtu aliuliza: wimbo huu wasema kweli? Sasa swali likawa: utauza ngapi juma la kwanza? Mwaka 1992 alitokea huyo Billy Ray Cyrus na wimbo wake Achy Breaky Heart, ambao kabla yake ulikuwa umeshaimbwa na kundi jingine kwa jina jingine na haukushtua mtu. Safari hii ulikuja na ngoma yake maalumu ya kupanga safu, na kila ukumbi wa Marekani ukajaa watu wanaokanyaga miguu pamoja. Mimi sina chuki na ngoma. Lakini nendeni mkautafute wimbo ule leo, muuondoe mdundo, msome maneno peke yake kama mnavyosoma shairi la mtu mzima, kisha mniambie mmebakia na nini mkononi.

Garth Brooks simwekei kundi hilo, kwani ana kipaji, na kuna mambo mawili ya kumsifu nitakayoyataja. Hata hivyo ni jambo la kutazamwa kuwa mtu aliyekuwa bendera ya miaka ile ni msomi mwenye shahada ya chuo kikuu cha jimbo la Oklahoma, na elimu aliyosomea ni kutangaza biashara. Albamu yake ya mwaka 1998, ile ya milioni katika juma moja, ilitolewa kwa majalada mbalimbali, nyimbo ni zile zile. Mpenzi wake wa kweli akitaka kuwa kamili hununua kitu kimoja mara kadha. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 7 Agosti 1997, aliimba bure katika bustani ya Central Park mjini New York, na umati ukajaa. Na mpaka leo watu hawajaafikiana juu ya idadi yake, wengine wakitaja robo milioni na wengine wakikaribia milioni kamili. Nacheka kila nikikumbuka. Katika zama zile za kuhesabu kila kitu, mkusanyiko wao mkubwa kuliko yote ndio wasiojua hesabu yake.

Sasa hayo mawili ya kumsifu, nayo yatatuonesha tabia ya wenye milango. Mwaka 1991 alitoa filamu fupi ya wimbo The Thunder Rolls, na ndani yake, pamoja na mengine, mume anampiga mkewe. Garth mwenyewe aliigiza yule mume, apate kuchukiwa. Vituo viwili vikubwa vya televisheni za kantri vikaikataa. Mwaka uliofuata aliimba wimbo wa kutaka watu waachiane huru wala wasibaguane, nao ukawa ndio wimbo wake wa kwanza kushindwa kuingia katika kumi bora, kwa vile redio nyingi ziliukwepa. Kadhalika mwaka 1994 Martina McBride aliimba Independence Day, wimbo alioutunga Gretchen Peters, unaosimuliwa na binti aliyekuwa mtoto wakati mama yake akipigwa na baba mlevi, na watu wa mji mzima wanajua na wamenyamaza, mpaka nyumba ikateketea kwa moto. Baadhi ya vituo vilikataa kuupiga, na haukufika kumi bora. Mwaka wa pili yake chama cha wenye kantri, CMA, kikautangaza kuwa ndio wimbo wa mwaka.

Unaona, ndugu msomaji? Vituo havikukataa nyimbo za kulewa, wala za kubadilisha mke na mume, wala za kutwanga miguu. Vilikataa mwanamke kusema kuwa anapigwa nyumbani kwake. Kwa nini? Kwa sababu anayesikiliza jambo kama lile asubuhi, akiwa garini akielekea kazini, huenda akafungua kituo kingine, na akifungua kituo kingine tangazo la sabuni halimfikii. Hakuna aliyekaa akasema wanawake wapigwe. Hesabu ndiyo iliyosema, na watu wakaitii.

Na nyumba zetu je? Ziko ngapi ambamo jirani anasikia kishindo kupitia ukutani, akapandisha sauti ya redio?

Haya, tuje kwa wazee, kwani hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Johnny Cash alizaliwa mwaka 1932, mtoto wa wakulima wa pamba wa Arkansas. Alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Marekani, aliyewaimbia wafungwa ndani ya magereza ya Folsom na San Quentin wakati ambapo wengine waliwaona ni takataka. Mwaka 1986 kampuni aliyoitumikia kwa zaidi ya robo karne, Columbia, ilimwacha. Hapo alikuwa hajatimiza miaka 55, umri ambao kwetu mtu ndiyo kwanza aanza kusikilizwa barazani. Ilipofika miaka ya 1990, redio za kantri zilikuwa hazina nafasi naye kabisa. Aliyemchukua ni Rick Rubin, kijana wa ndevu ndefu ambaye kazi yake ilikuwa kurekodi makelele ya vijana, ambaye hakuwa mtu wa Nashville hata kidogo. Rubin akamkalisha mzee sebuleni kwake, akampa gitaa, akamwambia aimbe anachokitaka. Hapana ngoma, hapana wapambe. Albamu ile ilitoka mwaka 1994, nayo ni sauti ya mtu mmoja na gitaa moja. Ikapata tuzo ya Grammy. Iliyofuata, Unchained ya mwaka 1996, ikatunukiwa Grammy mwaka 1998 kuwa ndiyo albamu bora ya kantri ya mwaka, hali ya kuwa redio za kantri hazikuipiga!

Mzee na kampuni yake mpya wakanunua ukurasa mzima katika lile lile gazeti la Billboard, wakaweka picha yake ya zamani akionesha kidole kwa namna ambayo adabu hainiruhusu kuieleza, na chini yake wakaandika kuwashukuru wakubwa wa Nashville na redio za kantri kwa msaada wao. Sikuwafundisha wanangu ishara ile. Lakini khasira yake naielewa.

Kijana wetu aliposikia hayo alinikatiza: "Ami, wazee hawana budi kuwapisha vijana. Ndiyo dunia." Hilo ni neno la haki lililowekwa mahali si pake. Kupisha ni kuondoka mwenyewe kwenye kiti ukampa mwanao, na mwanao akakuwekea mto ukae karibu naye. Hawa hawakupisha, waliondolewa, na wasikilizaji hawakuulizwa. Mwenye tangazo alitaka masikio ya umri fulani yenye pesa za matumizi fulani, na msimamizi wa kituo akapunguza orodha ya nyimbo mpaka ikawa fupi, zikizunguka hizo hizo asubuhi hadi usiku. Kisha mwezi wa Februari mwaka 1996 Rais Clinton akatia saini sheria mpya ya mawasiliano. Kabla yake tajiri mmoja hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 vya redio katika nchi nzima; sheria ile ikaondoa mpaka huo. Miaka michache haikupita illa kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200. Fikiri wewe: mji wako una redio yake, mtangazaji wake anayemjua mzee fulani wa mtaa wa pili aliyetunga wimbo, siku moja redio hiyo yanunuliwa, na orodha ya nyimbo inaamuliwa mbali na mtu asiyepata kukanyaga mji wako.

Na mikono ikiwa michache, ulimi nao hufungika. Kundi la wanawake watatu, Dixie Chicks, ambalo tangu mwaka 2020 hujiita The Chicks, lilikuwa moja katika fahari za mwisho wa miaka ile. Albamu yao Wide Open Spaces ya mwaka 1998 iliuza mamilioni. Machi 2003, vita vya Iraq vikikaribia kuanza, mmoja wao alisema jukwaani London kwamba anaona haya kuwa Rais Bush anatoka jimbo moja na wao, Texas. Wimbo wao uliokuwa nambari moja ukaporomoka, na kampuni moja yenye vituo vingi ikawatoa katika vituo vyake vyote vya kantri. Hesabu yao nzuri haikuwafaa kitu siku ile.

Tumrudie Shania Twain, maana kijana amemkokoteza kwa mstari mwekundu. Mwanamke huyu nina huruma naye: ametoka katika ufukara wa kaskazini ya Kanada, wazazi wake wakafa katika ajali ya gari mwaka 1987, akawalea ndugu zake wadogo kwa kuimba hotelini. Aliyekuwa mumewe na mtengenezaji wa albamu yake, Robert John Lange, ni mzaliwa wa Mufulira, katika machimbo ya shaba ya nchi iitwayo leo Zambia, na kabla ya hapo alikuwa fundi wa makundi ya roki yenye makelele. Hilo si kosa. Kosa naliona hapa: albamu yao ya mwaka 1997, Come On Over, iliyouzwa huko Marekani ilikuwa na fidla na gitaa la chuma, na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje ilipikwa upya, zile ala za kikantri zikapunguzwa au zikafunikwa, ili mgeni asijue kuwa ale chakula cha shamba. Huo ndio wimbo uliosambaa duniani. Mtu anayejivunia mama yake hamfichi jikoni wageni wakija.

Alan Jackson, kijana wa Georgia, aliyaona haya mapema. Mwaka 1994 aliimba wimbo Gone Country alioutunga Bob McDill, wenye khabari za watu watatu, mmoja wa Las Vegas, mmoja wa New York na mmoja wa Los Angeles, ambao kila mmoja kazi yake imemlalia, na wote watatu wanakimbilia kantri kwa kusikia kuwa sasa huko kuna pesa. Ni kejeli tupu. Ukawa nambari moja, na watu wakaucheza kwa furaha, pengine na wale waliokejeliwa. Huyo McDill ndiye aliyewatungia watu wengi nyimbo za Don Williams, mpole yule wa Texas, ambaye redio za kwao zilimfungia mlango mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990. Mwaka 1997, katika kilele cha mamilioni ya kina Garth, Don Williams alikuwa Harare, Zimbabwe, akiimba kwa gitaa lake na kofia yake iliyochakaa, na tamasha lile likapigwa filamu. Kwao alikuwa amekwisha. Kwetu Afrika hakuna aliyetwambia kuwa amekwisha, nasi hatukujua, tukaendelea kumsikiliza mpaka alipokufa mwaka 2017, na baada ya hapo pia.

Sasa kuna hesabu moja ambayo haikuwamo katika karatasi ya kijana. Charley Pride, mtoto wa wakulima weusi wa Mississippi, alifika nambari moja katika kantri mara nyingi, na mara yake ya mwisho ni mwaka 1983. Mwimbaji mweusi aliyefuata kufika hapo kwa jina lake peke yake ni Darius Rucker, mwaka 2008. Baina ya wawili hawa ndimo ilimo miaka yote ya 1990, miaka kumi kamili ya mafanikio, na ndani yake jumla ya weusi waliofika ni sifuri. Alijaribu mmoja, Cleve Francis, daktari wa moyo, aliyeacha wagonjwa wake akaenda Nashville akitumaini. Redio hazikumbeba, akarudi kutibu mioyo ya watu. Mwaka 1998 taasisi ya muziki wa kantri ilitoa mkusanyo wa santuri tatu kuonesha kuwa watu weusi walikuwamo katika muziki huu tangu mwanzo. Vizuri. Lakini mkusanyo huwekwa kabatini, na redio haukuibadili. Ala ni ya babu zao, na mlango wafungiwa wao.

Nisionekane kuwa naikata miaka ile yote kwa upanga mmoja. Vince Gill alianza wimbo wa maombolezo alipokufa mwimbaji mwenzake mwaka 1989, akaushindwa, akaumaliza ndugu yake mwenyewe alipokufa mwaka 1993, na ulipotoka mwaka 1995 watu wakaupokea. Mpaka leo huimbwa makaburini. Wala sisemi kuwa kuuza ni aibu. Dolly Parton ni mfano wa biashara yenye heshima. Wimbo wake wa kumuaga aliyekuwa bwana wake wa kazi aliutoa mwaka 1974. Elvis Presley akautaka, na meneja wake akashurutisha kuwa Dolly atoe nusu ya haki ya wimbo. Elvis, mtu ambaye dunia nzima ilimtamani! Dolly alilia, lakini akakataa, akasema ule ni urithi wa jamaa zake. Akangoja. Mwaka 1992 Whitney Houston, mwanamke mweusi asiyekuwa wa kantri, akauimba katika filamu The Bodyguard, ukakaa nambari moja Marekani majuma 14, na haki ya mtunzi ikabaki kwa mtunzi, kamili. Wimbo ule uliuza, ndiyo, ila haukutungwa kwa kuuza. Ulikuwa na miaka 18 tangu kutolewa, na ungelikuwa mikononi mwa wale wahesabuji wa juma la kwanza, wangeshauzika zamani.

Limebaki la George Jones, nalo ndilo nililomwahidi kijana.

Jones alikuwa na sauti ambayo waimbaji wenziwe wote waliikiri. Maisha yake yaliharibika kwa ulevi, na sitayapamba. Mwaka 1992 walimwingiza katika jumba la watukufu wa kantri, na mwaka ule ule akatoa wimbo wa kuwaambia watu kuwa yeye bado hajataka kiti cha bembea cha wazee. Vijana wakubwa wa zama zile, Garth Brooks, Alan Jackson, Vince Gill na wengineo, waliingia studio wakamwitikia. CMA wakampa tuzo kwa wimbo huo. Redio hazikuupandisha. Picha yake ukutani waliitaka; sauti yake hawakuitaka.

Machi 1999 alipata ajali ya gari, naye amekunywa, akapona kwa tabu. Albamu aliyoitoa baada ya hapo ilikuwamo wimbo Choices, wa mtu anayetazama nyuma akakiri kuwa maisha yake ameyachagua mwenyewe, mabaya yake pia. Wimbo uliteuliwa kuwania tuzo ya CMA mwaka huo. Jones alikuwa na miaka 68. Wenye tamasha wakamwambia aje auimbe, ila asiuimbe wote. Aufupishe, kwani wakati wa televisheni una bei yake. Akasema hapana, akabaki nyumbani.

Usiku ule, Septemba 1999, zamu ya Alan Jackson ikafika. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kuimba, na kwa mtu wa biashara dakika zile tatu mbele ya nchi nzima zina thamani kubwa. Akaanza wimbo wake kama ilivyopangwa. Katikati akawaashiria wapigaji wake wasite, na bila ya kuomba ruhusa ya mtu wakageuza, akaimba Choices, wimbo wa mzee aliyekuwa hayupo. Ukumbi ukasimama. Alipomaliza hakungoja makofi, alishuka jukwaani akatoka mlangoni akaenda zake. Mwaka 2000 Jones alipata Grammy kwa wimbo huo huo waliotaka kuukata.

Kijana aliisikiliza khabari hii mpaka mwisho, karatasi yake imekunjika mkononi. Kisha akaniuliza santuri ile iliuza ngapi.